Barua ya Meza ya Maharagwe

Chakarachaka, chakarachaka. Nyumba ilikuwa bado giza, na sauti hiyo ilitoka jikoni. Divine hakufungua macho. Alijua ni maharagwe makavu yanamiminwa kwenye ungo, na kwa hiyo alijua leo ni Alhamisi. Mama yake alikuwa anaondoa mawe makubwa tu, yale yanayoweza kuvunja jino la mtu. Mawe madogo aliyaacha humohumo kwa makusudi, maana maharagwe yakiwa safi wazee watakosa kazi.

"Divine, chai iko kwenye chupa," mama alinong'ona mlangoni. "Basi lisikuache. Na jioni unifuate kazini turudi wote."

Divine alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba amesikia. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kiswahili alikielewa chote, ila ulimi wake ulishahamia Sydney kabla ya miguu yake kuzoea.

Mama yake aliitwa Kyakimwa, lakini watu walimwita Mama Divine. Alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, si mbali na mtaa wa Ingleburn. Hakuwa nesi. Alikuwa mhudumu wa chumba cha chakula: anagawa sahani, anafuta meza, anamkatia nyama mzee ambaye mikono inamtetemeka. Nasema hakuwa nesi kwa sababu shuleni Divine alikuwa amewaambia watu kwamba ni nesi.

Siku hiyo, wakati wa mapumziko, Shirleen alimsogelea na wenzake wawili nyuma yake. Shirleen alikuwa Mkenya, mrefu, na alikuwa na kipaji cha kusema jambo baya kwa sauti nzuri.

"Divine, leo asubuhi nimemwona mama yako kwenye basi," alisema. "Nesi gani anabeba ungo?"

"Ungo ni wa kanisani."

"Na aproni nayo ni ya kanisani?"

Wale wawili walicheka. "Muacheni," Shirleen aliwaambia, "labda huko kwao sindano zinachomwa na wapishi." Divine naye alicheka, akajifanya utani umempendeza, kisha akaenda chooni akakaa humo mpaka kengele ikalia.

Jioni alikwenda kwa mama yake. Chumba cha chakula kilijaa watu, kama kila Alhamisi. Katikati palikuwa na meza ndefu, na kwenye ncha yake walikaa wazee wawili, ungo mmoja katikati yao. Mmoja alikuwa Bwana Walter, Mmarekani wa miaka themanini na tisa. Mwingine alikuwa Bi Fumiko, Mjapani, aliyempita Bwana Walter kwa mwaka mmoja. Vidole vyao vilikuwa vinatafuta mawe katika maharagwe ya Alhamisi ijayo.

Miaka miwili nyuma wawili hao hawakuweza kukaa chumba kimoja. Kaka yake Bwana Walter alizama na meli wakati wa vita vya Marekani na Japani, na Bwana Walter, aliyekuwa mtoto mdogo siku ile habari ilipofika, hakuisahau. Bi Fumiko naye alikimbia mji unaoungua akiwa amebeba mdogo wake mgongoni, na ndege zilizouunguza zilikuwa za Kimarekani. Bi Fumiko akiingia kula, Bwana Walter aligeuza kiti akatazama ukuta. Wafanyakazi waliwapangia saa tofauti, wakaona yamekwisha.

Mama Divine hakuona yamekwisha. Kwa bibi yake, kule kwao karibu na Butembo, majirani waliogombana hawakuambiwa wasameheane. Waliwekwa pande mbili za ungo mmoja, wakapewa maharagwe wachambue. Mikono ina kazi, macho yako chini, na mdomo ukitaka kusema utasema wenyewe. Basi Mama Divine alinunua ungo na maharagwe kwenye duka la Waafrika katika mtaa wa Liverpool, hapohapo Sydney, akaomba ruhusa kwa Sista Rhoda, nesi mkuu, Mtanzania wa Songea. Kisha akawaambia wale wazee wawili, kwa Kiingereza chake cha jikoni, kwamba ana kazi nyingi na wamsaidie.

Wiki sita walichambua kimya. Wiki ya saba Bi Fumiko alisema kwao maharagwe hupikwa na sukari. Bwana Walter akasahau kununa. "Sukari?" alisema. "Kwetu tunatia shira nyeusi ya miwa." Basi ubishi ukaanza, na ubishi ukaleta sufuria. Watoto na wajukuu wao wakaanza kuja Alhamisi, wakaleta jamaa zao Wajapani na jamaa zao Wamarekani, kila upande na maharagwe yake, na Mama Divine na yake ya mawese.

"Njoo hapa, Divine," Bwana Walter aliita. "Mwambie mama yako maharagwe yake leo yana chumvi ya bahari nzima."

"Usimsikilize," Bi Fumiko alisema bila kuinua macho. "Amekula sahani mbili."

Usiku huo huo, walipofika nyumbani, walikuta barua.

Bahasha ilikuwa nene, nyeupe, na muhuri juu yake. Mama aliishika kwa mikono miwili. Barua zenye muhuri zilikuwa zimempa mengi maishani: zilimwambia atoke kambi ya wakimbizi, zilimwambia angoje, zilimwambia mumewe hapatikani kwenye orodha ya walio hai. Kiingereza cha kuongea alikiweza kiasi. Cha kwenye karatasi hakukiweza. Wengine huziomba simu zao ziwatafsirie. Yeye alikuwa na Divine.

"Soma, macho yangu," alisema. Ndivyo alivyomwita kila barua ilipokuja.

Divine alisoma kimya kwanza. Barua ilitoka katika chama cha urafiki cha Wajapani na Wamarekani wanaoishi Sydney. Kila mwaka chama kilimpa heshima mtu mmoja aliyewaleta pamoja watu wa pande hizo mbili. Mwaka huu walimchagua Bi Kyakimwa, mhudumu wa chumba cha chakula. Sherehe itakuwa Ijumaa, wiki nne zijazo, katika ukumbi wa shule fulani, kwa kuwa wanafunzi wake wanaosoma Kijapani wataimba. Ataombwa asimame aeleze habari ya meza yake. Tafadhali ajibu ndani ya wiki tatu. Kulikuwa na ukurasa wa pili, lakini macho ya Divine yaligota kwenye jina la shule.

Ilikuwa shule yake.

Aliuona ukumbi. Alimwona Shirleen mstari wa mbele. Alimwona mama jukwaani na kile Kiingereza chake, na mtu akitangaza kwenye kipaza sauti: mhudumu wa chumba cha chakula.

"Wanasema nini?" mama aliuliza.

"Ni familia za wale wazee."

"Za Wajapani ama za Wamarekani?"

"Wote. Wameandika pamoja." Divine alishusha macho kwenye karatasi. "Wanasema unawafanyisha wazee wao kazi kama watumishi. Wanataka uache. Usipoacha watapeleka habari kwa uongozi."

Mama alikaa kwenye kiti taratibu, kama mtu anayekaa juu ya kitu kinachoweza kuvunjika. "Soma tena."

Divine alisoma tena. Mara ya pili uongo ulitoka vizuri zaidi, na maneno makubwa ndani yake.

"Lakini wamekula leo," mama alisema. "Yule binti wa Bi Fumiko amenishika mkono. Amesema asante."

"Labda walikuwa wanakuonea haya."

Divine angeweza kuishia kabla ya hapo. Sentensi hiyo hakulazimishwa na mtu kuisema. Aliisema kwa sababu mama alikuwa anakaribia kutoamini.

Mama aligeuza bahasha, akautazama muhuri. Kisha akaomba kalamu. "Andika. Waambie mimi ni Kyakimwa. Waambie sikujua kwamba kwao ni vibaya, kwetu ni heshima. Hapana, hiyo ya kwetu futa, wataona ninajitetea. Waambie ninaomba msamaha. Waambie tafadhali wasiende kwa wakubwa, nina mtoto."

Divine aliandika maneno yasiyo na maana, mistari minane, na mama akatia sahihi yake chini, polepole, herufi kwa herufi. Kesho yake asubuhi karatasi hiyo ilikwenda kwenye pipa la taka la shule.

Alhamisi iliyofuata jikoni kulikuwa kimya.

Mama hakumwambia mtu. Sista Rhoda alikuwa likizo Songea, na hata angekuwepo, aibu ya namna ile mtu haitembezi. Alipanga meza ndogondogo kama zamani. Jamaa walipokuja na sufuria zao, aliwaambia hakuna tena, akainamisha kichwa, akarudi jikoni. Nao wakaondoka, sufuria zikiwa na joto bado.

Bwana Walter alimshika Divine mkono kwenye korido. "Ungo uko wapi?"

"Sijui."

"Nilimkosea mama yako? Ile habari ya chumvi nilikuwa natania. Mwambie nilitania. Utamwambia?"

"Nitamwambia," Divine alisema, na hakumwambia.

Wiki ya pili ilikuwa zamu ya Bi Fumiko. Alikuwa amekaa peke yake dirishani, chakula chake hakijaguswa. "Nadhani tumemchosha mama yako," alisema. "Tulimletea watu wengi mno. Mfikishie kwamba tunaomba radhi kwa kumsumbua." Kisha bibi yule wa miaka tisini akamwinamia mtoto wa miaka kumi na miwili. Divine alitazama viatu vyake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: mama alikuwa anaomba msamaha, Bwana Walter anaomba msamaha, Bi Fumiko anaomba msamaha, wote hawana kosa, na misamaha yote ilikuwa inapita kwa Divine na kufia humo.

Wiki ya tatu kiti cha Bwana Walter kilikuwa wazi. Kifua kilimbana Jumatatu, wakampeleka hospitali Liverpool. Jumatano akafariki.

"Jumapili aliniuliza kama nimemkasirikia," mama alisema jioni ile, akikosha kikombe kilekile kwa mara ya tatu. "Nikamwambia hapana. Hakuniamini. Nilimwona hakuniamini."

Divine alijifungia chumbani. Alijiambia kwamba mtu wa miaka themanini na tisa hufa, na hilo lilikuwa kweli. Alijiambia halimhusu, na hilo lilikataa kukaa.

Jumapili baada ya ibada mlango uligongwa. Alikuwa Sista Rhoda, ametua jana, na kifurushi cha kahawa ya Songea mkononi.

"Shikamoo, Sista," Divine alisema.

"Marahaba. Mama Divine, pole na Mzee Walter. Nimesikia nikiwa uwanja wa ndege, nimelia mbele ya watu." Alikaa, akafungua viatu. "Lakini na wewe, mama, utaiatamia ile barua mpaka lini? Chama wamenipigia. Siku za kujibu ziliisha juzi. Nimewaomba wakungoje hadi kesho."

"Kujibu nini tena? Nimeshaomba msamaha."

"Msamaha wa nini?"

"Wa kuwatumikisha wazee."

Sista Rhoda alimtazama mama, kisha polepole akamgeukia Divine. Hakuna aliyepaza sauti. Ingekuwa nafuu kama wangepaza.

"Barua iko wapi?" mama aliuliza.

Ilikuwa chini ya godoro. Divine aliileta.

"Soma. Yote. Kwa Kiswahili."

Alisoma ukurasa wa kwanza wote. Akafika ukurasa wa pili, ule ambao hakuwahi kuutazama. Sista Rhoda ndiye aliyependekeza jina la mama, na wazee wawili walimpa maneno yao kwa siri, wakikubaliana kutotamka lolote mpaka mama mwenyewe awaambie.

"'Kwa miaka zaidi ya sabini,'" Divine alisoma, "'sikukaa meza moja na Mjapani. Mwanamke huyu hakunihubiria. Alinipa maharagwe na mtu wa kuchambua naye. Nimebakiwa na Alhamisi chache, na zote nataka kukaa pale. Walter.'"

Divine alimtazama mama. Mama hakumwambia aache, basi akaendelea na ya Bi Fumiko, iliyokuwa sentensi moja: mezani kwa Kyakimwa aliongea habari za mji wake ulioungua kwa mara ya kwanza, na aliyemsikiliza alikuwa Mmarekani.

"Kwa nini?" mama aliuliza.

"Shuleni nilisema wewe ni nesi."

Mama alitikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu na kuona ni ndogo mno. Alhamisi mbili za mwisho za mzee wa watu, kwa ajili ya hilo.

Sista Rhoda alipiga simu palepale kusema mama atakuja, na chama kikakubali. Aliposema atamweleza Bi Fumiko kesho kazini, mama alimzuia. "Bi Fumiko ataambiwa na Divine. Mimi sitamsemea."

Siku zikapita. Jumatatu Divine alisema kesho. Jumanne alisema kesho. Alhamisi aliumwa kichwa. Mama alikwenda na ungo wake, akapanga meza ndefu, jamaa wakaja na sufuria, lakini Bi Fumiko hakutoka chumbani kwake. Alituma salamu kwamba asingependa kumsumbua tena Mama Divine.

Ijumaa ukumbi wa shule ulijaa. Wajapani na Wamarekani walikaa wamechanganyika, wanafunzi wakaimba, na Shirleen alikuwa mstari wa mbele hasa, kama Divine alivyoogopa. Mama alipanda jukwaani na kitenge chake cha bluu. Alimwita Divine amfasirie. Sista Rhoda angeweza kufasiri, lakini mama alimwita Divine.

"Mimi ninagawa chakula," mama alisema.

Divine alilisema hilo kwa Kiingereza. Mstari wa mbele mtu alicheka puani. Divine alimsikia, akaendelea.

"Sikuwafundisha watu hawa kitu. Walikuwa na maneno yao, nilichowapa ni kazi ya mikono mpaka maneno yatoke. Heshima hii ni ya wawili, na mmoja hatumwoni hapa. Ninyi mliobaki, Wajapani na Wamarekani, msingoje mtu wa tatu awawekee meza. Pikeni, mwitane."

Hakuongeza wala hakupunguza, na Divine naye hakuongeza wala hakupunguza. Rais wa chama, bibi wa Kimarekani, na makamu wake wa Kijapani, walimpa mama cheti chenye jina lake kwa lugha mbili. Watu walisimama. Binti wa Bwana Walter alilia waziwazi.

Baadaye, kwenye chai, Sista Rhoda alimsukuma Bi Fumiko kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa amevaa nyeusi. Alimpongeza mama kwa kuinama, kisha akauliza, polepole ili mama aelewe:

"Kwa nini uliondoa meza? Walter alikufa akifikiri ni kosa lake. Mimi bado nafikiri ni langu."

Mama alielewa. Aliweka kikombe chini. Shirleen alikuwa hatua mbili kutoka hapo na sahani ya keki, masikio wazi. Divine alimtazama mama, akingoja amwokoe.

Mama aliongea Kiswahili, kwa sauti ya chini ya mtu anayemvisha mtoto sweta. "Ukinyamaza, nitanyamaza na wewe, maana wewe ni wangu hata leo. Lakini sikiliza, mwanangu. Ulidhani unanidanganya mimi peke yangu. Uongo haukukaa kwangu. Ulipita, ukaenda kwa watu wasiokukosea chochote, ukawafanya wajichukie wenyewe. Ya Mzee Walter siwezi kuyarudisha, na wewe huwezi. Tutaishi nayo. Anayeaminiwa kuwasomea wengine hana ruhusa ya kuona aibu na kubadilisha maneno. Bado ninataka kukuamini, na bado kuna barua nyingi zitakuja. Bibi huyu yuko hai, anakungoja. Huyu unaweza kumpunguzia mzigo, sasa hivi, kabla hajarudi chumbani nao."

Bi Fumiko hakuelewa neno hata moja, ila alimwona mama akimtazama mtoto, naye akamtazama mtoto. Shirleen aliacha kutafuna.

Divine alipiga magoti mbele ya kile kiti ili nyuso zao ziwe sawa. Akafungua mdomo, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wenye sahani:

"Bi Fumiko, mimi ndiye niliyemdanganya mama yangu."